UMESHUKA NYEGEZI. SASA UNAKWENDA WAPI?



Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe njiani, wala usifungie karanga. Isome mpaka mwisho, dakika kumi zinatosha. Aliyekupa hakujui jina, lakini yuko anayekujua jina lako, la baba yako, na hata namba yako ya usajili pale chuoni. Yeye ndiye aliyetaka uisome.

UNAIKUMBUKA SIKU ILE?

Basi liliingia stendi ya Nyegezi. Pengine ulitoka Kigoma, pengine Tabora, Kahama au Dodoma. Miguu imevimba kwa kukaa. Kabla hujashusha begi, wapiga debe wanne wamekuzunguka, kila mmoja anakuvuta upande wake: "Dogo, unakwenda wapi? Twende huku!" Ukalishika begi kwa mikono miwili kama mama alivyokuonya. Ukapanda bodaboda kuelekea Malimbe, ukaona mawe makubwa ya Mwanza na ziwa likimetameta, ukasema moyoni, "Nimefika. Sasa mimi ni mwanachuo."

Hukukosea. Ulisoma kwa shida ukafika. Nyumbani walisherehekea, na pengine bibi alikuwekea mkono kichwani akakubariki. Hilo si jambo dogo.

Lakini swali la wale wapiga debe bado halijajibiwa. UNAKWENDA WAPI? Ukishafika chuo, watakuzunguka wengine wasiovaa sare ya stendi. Watakuvuta kwa upole zaidi, na mabasi yao hayana kibao cha kuonyesha yanakokwenda.

WENGI WALIPITA HAPA KABLA YAKO

Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha hapa Nyegezi chuo cha mafunzo ya jamii. Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho wote tunakiita SAUT. Hapa hapa Nyegezi kuna pia chuo cha uvuvi. Hesabu mwenyewe ni vijana wangapi wameshuka na mabegi yao kwa miaka yote hiyo.

Wote waliliona ziwa hilo hilo, wakala dagaa wale wale. Wengine waliondoka na digrii na moyo mzima. Wengine waliondoka na digrii lakini wamevunjika ndani. Na wengine walidisko, wakarudi nyumbani usiku ili majirani wasiwaone.

Tofauti ilitoka wapi? Si akili peke yake, maana kila aliyeingia alifaulu. Nakuambia kweli, mara nyingi mambo hayo huamuliwa katika miezi mitatu ya kwanza. Ni miezi ile ambayo hujui watu, na kila anayekuchekea unamwona rafiki.

HAKUNA ANAYEKUONA!

Nyumbani kulikuwa na macho. Baba alijua umerudi saa ngapi. Mama alijua umekula au hukula. Shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na fimbo. Sasa huna kengele. Usipoamka, hakuna anayekuja kukuvuta shuka. Ukirudi geto saa tisa usiku, mwenzako anageukia ukutani tu na kuendelea kulala.

Wiki ya kwanza uhuru huo ni mtamu kama muwa. Wiki ya tatu unaanza kugundua jambo ambalo hukuambiwa: mahali ambapo hakuna anayekuona ukikosea, hakuna pia anayekuona ukilia.

Jioni inafika. Wenzako wana vikundi vyao. Sokoni kina mama wanakusalimu "Mwangaluka", nawe hujui ujibu nini. Darasani mhadhiri amesema kwa saa mbili na umeandika mistari sita. Wenzako wanazungumzia madesa, wewe hujui yanapatikana wapi. Unajiuliza kimya kimya, "Hivi mimi ndiye mjinga peke yangu hapa?"

Halafu simu inaita.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula lakini?"

"Nakula, mama. Niko vizuri kabisa."

Unakata simu. Hujala tangu jana mchana.

Kijana, huo uongo mdogo ndio mwanzo. Hapo ndipo Shetani anapopata mlango. Haji na mapembe. Anakuja kama mshkaji mwema anayekuambia, "Acha mawazo, twende tukachangamke."

BUMU LIMEINGIA

Tuseme umepata mkopo wa serikali. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 mpaka 10,000 kwa siku. Ukiingiziwa ya siku 60 kwa mkupuo, ni shilingi 600,000. Hujawahi kushika fedha kama hiyo. Simu inalia ujumbe umeingia, na moyo unaruka!

Sasa tupige hesabu pamoja. Simu mpya ili usichekwe: 250,000. Nguo na viatu: 90,000. Kutoka na washkaji wikiendi mbili: 80,000. Mikeka, kwa sababu mwenzako alishinda mara moja na hasemi alipoteza mara ngapi: 60,000. Jumla ni 480,000, na zimepita siku 15 tu. Umebaki na 120,000 kwa siku 45. Ni kama shilingi 2,666 kwa siku, na hapo hujalipa chumba.

Walewale waliokuita "bosi" siku bumu lilipoingia, leo ukipita wanainamia simu zao. Hapo ndipo dada anapopigiwa honi na mtu mzima mwenye gari, anayemwuliza kwa sauti ya baba, "Binti, mbona una mawazo? Njoo nikununulie sato ule." Dada yangu, sato huyo ana bei. Usifikiri UKIMWI umekwisha kwa sababu matangazo yake yamepungua. Dawa za kumsaidia mgonjwa zipo, na tunamshukuru Mungu kwa hizo, lakini virusi bado vipo. Na hata bila ugonjwa, kuna kitu ndani ya mtu kinachochanika anapojiuza kwa sahani ya chakula.

Na wewe kaka usimcheke. Wewe umejiuza kwa mkeka.

KIJANA ALIYEKWENDA NCHI YA MBALI

Yesu alilijua jambo hili kabla chuo chochote hakijajengwa. Alisimulia habari za kijana mmoja aliyemwomba baba yake fungu lake la mali, akafunga mizigo, akaenda mbali mahali ambapo baba hamwoni. Soma mwenyewe, Luka 15:11-32.

Angalia hatua zake. Kwanza alipata fedha nyingi kwa mkupuo. Pili aliitapanya kwa anasa. Tatu fedha ikaisha. Nne njaa ikaingia katika nchi ile, na hakuna rafiki anayetajwa kumsaidia! Mwisho akaajiriwa kulisha nguruwe. Kwa Myahudi hapakuwa na mahali pa chini kuliko hapo. Akavitamani hata vyakula vya wale nguruwe, wala hakuna aliyempa kitu.

Ndipo akili ikamrudia, na akatunga hotuba ya kwenda kumwambia baba yake. Nafikiri aliirudia njia nzima, kama wewe unavyojipanga kabla ya kumpigia baba kumwambia umepata sapu. Alikuwa tayari kupokelewa kama kibarua, si kama mtoto.

Lakini alipokuwa bado mbali, baba alimwona. Mtu anamwonaje aliye mbali? Ni kwa sababu alikuwa anaitazama njia! Mzee yule akakimbia, akamkumbatia mwana akiwa bado na harufu ya nguruwe. Hotuba hakuiacha ifike mwisho. Hakuomba risiti. Hakusema, "Kwanza nieleze zile fedha zimekwenda wapi." Alisema aletewe vazi, pete, viatu, na ndama achinjwe.

Kijana, huyo ndiye Mungu. Umefundishwa kumwogopa kama mkaguzi anayekusubiri na kalamu nyekundu. Yesu anasema ni Baba anayeitazama njia. Ulipofikiri hakuna anayekuona pale geto, Yeye alikuwa anakuona, na hakukuonea aibu.

NAMI PIA NILIKUWA HUKO

Nisikuandikie kama malaika. Mimi ninayeandika nilikuwa mwanachuo katika jiji hili. Chuo sikitaji, maana kosa halikuwa la chuo, lilikuwa langu.

Baba aliuza ng'ombe wawili ili niende. Nilifika na tranka la bati, na wiki ya kwanza tu nikaanza kulionea aibu tranka lile. Nikataka kufanana na wenzangu. Kufikia mwezi wa pili fedha yote ilikuwa imekwisha. Nikampigia mama nikamwambia kuna kitabu lazima kinunuliwe. Akatuma 30,000, akaweka na ya kutolea. Wiki iliyofuata nikasema kuna kingine. Akatuma tena. Vitabu hivyo havikuwahi kuwapo. Baadaye dada yangu akaniambia kwamba mama alikuwa ameuza mahindi ya mbegu. Yalikuwa ya kupanda mvua zikinyesha, si ya kula.

Siku ile sikula wala sikulala. Nilitaka kuacha chuo, nikatamani hata kufa. Jioni ya pili nilipita karibu na uwanja ambapo palikuwa na mkutano wa Injili. Sikuingia. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na muuza chipsi, ili mtu akiniona aseme nanunua chipsi. Mhubiri alisimulia habari hii hii ya kijana na baba yake. Alipofika pale baba anapokimbia, miguu yangu ikaanza kutembea yenyewe. Sikujua naelekea mbele mpaka nilipofika. Nililia kama mtoto mbele ya watu, na sikujali tena nani ananiona.

Asubuhi nikampigia mama. "Mama, nilikudanganya. Hakukuwa na vitabu." Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Bwana asifiwe! Mama ambaye hakuwahi kuingia chuo ndiye aliyenifundisha Luka 15.

Sikudanganyi kwamba mambo yalinyooka siku ile. Nilipata sapu mbili. Nilizifanya jasho likinitoka, nikapita. Lakini sikuwa tena peke yangu, na sikuwa tena mwongo.

DENI NA DARAJA

Unajua mkopo wa chuo unarudishwa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Hiyo ni haki, ulikula na ulipe. Lakini liko deni jingine ambalo mshahara wowote hautoshi. Uongo uliosema, mwili uliouchezea, machozi uliyowatoa wazazi: utakatwa asilimia ngapi mpaka hayo yaishe? Wengine wanajaribu kulipa kwa kuwa wema kidogo, kwa kwenda ibada Jumapili moja, kwa kutoa sadaka bumu likiingia. Hapana! Hiyo ni kumimina kikombe cha maji ziwani ukitumaini lijae.

Kama ulitoka Geita, Chato au Bukoba, ulivuka maji kati ya Busisi na Kigongo. Waulize kaka zako walivyokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nyingi, malori yamepanga foleni, mgonjwa kwenye gari anakata roho huku kivuko kiko ng'ambo. Mwezi Juni 2025 daraja likafunguliwa pale, lenye urefu wa kilomita kama 3, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Leo unavuka kwa dakika chache. Je, uliogelea? Je, ulileta saruji? Hapana. Ulikuta limekwisha kujengwa, ukapita.

Kati yako na Mungu kulikuwa na maji ambayo hakuna aliyeweza kuyaogelea. Yesu Kristo alikufa msalabani, akafufuka siku ya tatu, na njia ikapatikana. Gharama aliilipa Yeye kwa damu yake. Kazi yako ni kuvuka. Lakini daraja halimvushi mtu aliyekaa ukingoni akilisifia! Unaweza kujua habari zote za Yesu, ukazifaulia hata mtihani, na bado uko upande ule ule.

USIKAWIE. AMUA SASA

Utasema, "Ngoja kwanza nimalize chuo, nile ujana kidogo." Ndugu yangu, mtazame Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, mbali na kwao. Akawekwa kwenye masomo ya miaka mitatu, kama digrii yako, kwa lugha ya kigeni. Akapewa hata jina jipya. Lakini mwanzoni kabisa, kabla sahani haijazoeleka mezani, aliamua moyoni mwake kile ambacho hatakifanya. Soma Danieli sura ya 1. Hakusubiri anaswe ndipo aamue. Na tena hakuacha masomo! Mwisho wa ile miaka mitatu yeye na wenzake watatu walikuwa bora kuliko wote.

Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kwamba kuokoka ni kutegea vipindi ili ukaombe. Anayefunga na kuomba wiki ya testi bila kufungua daftari anamjaribu Mungu. Roho Mtakatifu anakumbusha ulichosoma. Usichokisoma atakukumbusha nini?

Fanya haya:

1. Bumu likiingia, lipia chumba kwanza. Kinachobaki kigawe kwa siku zilizobaki kabla hujamwambia mtu limeingia. Fungu la kumi la Bwana halitakufukarisha, mkeka utakufukarisha.

2. Chagua marafiki wawili au watatu wanaoweza kukuambia "hapana". Mshkaji asiyeweza kukukataza kitu hakupendi.

3. Hujaelewa somo? Uliza. Nusu ya darasa haijaelewa pia, wanaona haya tu.

4. Mpigie mama leo, na umwambie ukweli. Kama una njaa, sema una njaa. Kama huna mama, mtafute mtu mzima mcha Mungu, umweleze.

5. Ukizidiwa na mawazo, usikae peke yako chumbani. Toka, gonga mlango wa jirani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi, nenda kwa mchungaji. Kuomba msaada si aibu. Yule kijana alisimama, akatembea kurudi.

SALA YA TOBA

Kama unasoma na moyo unakudunda, huyo ni Roho Mtakatifu anabisha hodi. Usiufanye moyo kuwa mgumu. Hapo ulipo, kwenye kitanda cha juu hosteli, kwenye kimbweta au ndani ya daladala, sema kwa sauti, hata kama ni ya chini:

"Baba wa mbinguni, nimekwenda mbali nawe. Nimetumia vibaya nilichopewa. Nimewadanganya walionipenda, nimekukosea na Wewe. Siwezi kulipa. Naamini Yesu Kristo alikufa kwa ajili yangu na kwamba yu hai. Leo natubu. Bwana Yesu, ingia moyoni mwangu, unioshe, uniweke huru na kila kifungo cha Shetani. Nijaze Roho wako Mtakatifu, unipe nguvu ya kusema hapana. Kuanzia leo mimi ni wako, darasani na geto, watu wakiniona na wasiponiona. Amina."

KAMA UMEISALI SALA HII KWA IMANI, UMEOKOKA! Mbinguni kuna shangwe kwa ajili yako sasa hivi.

Usibaki peke yako, maana kaa la moto likitolewa mekoni huzimika. Tafuta kanisa lililo karibu linalohubiri wokovu, umwambie mchungaji, "Nimeokoka, nisaidie." Watafute wanafunzi wanaokutana kuomba, hawakosekani. Soma Biblia kila siku, anza na Injili ya Yohana, sura moja kabla ya kipindi cha kwanza. Ukianguka, usirudi nchi ya mbali kwa aibu. Tubu siku hiyo hiyo, uinuke.

Siku moja utashuka tena stendi ya Nyegezi, safari hii unarudi nyumbani na begi lile lile. Wapiga debe watakuzunguka kama siku ya kwanza: "Unakwenda wapi?" Ninaomba siku hiyo uwe na jibu.

YESU ANAKUPENDA. Baba anaitazama njia.

(Ukimaliza kusoma, usiitupe. Mpe mwenzako wa chumbani.)